Kilomita Kumi na Moja

Mama yangu aliyajua maua kwa madoa.
Kila Agosti, nyumba ya wageni ya Bibi Visagie ikijaa
watu wa Cape Town na kamera zao shingoni,
yeye alikuwa nyuma, kwenye karo la zege,
akisugua njano isiyotoka:
chavua kwenye pindo, chavua kwenye foronya,
petali iliyosahaulika mfukoni mwa suruali
ikachemka na nguo hadi ikawa ganda la kitunguu.
"Hawa wametoka bondeni," alisema.
"Wa jana walikuwa na wekundu, walipanda mlima."
Miaka ishirini na tisa.
Huko mlimani kwenyewe hakuwahi kufika.

Ni kilomita kumi na moja. Nilizipima.

Mwaka huu Namaqualand ilipata mvua, Mei na tena Juni,
na Jumanne moja nisiyo na zamu dukani
nikaazima pikapu ya binamu yangu Jakkie,
ile ambayo mlango wake hufunguliwa kwa nje tu,
nikamwambia Mama: vaa viatu, tunatoka.
"Nani amekufa?" akauliza.
Maana sisi safari zetu ni za kuzika.

Akabeba blanketi, akabeba themosi ya kahawa,
mkate wa jamu ya aprikoti,
mayai matano ya kuchemsha
(watu wawili, mayai matano; usimwulize),
mwavuli, na kitambulisho,
huwezi kujua.

Tulipofika, mawingu.
Bonde zima limefumba.
Maua ya kwetu hayana adabu ya kupokea wageni:
jua lisipotoka hayafunguki,
hata uwe umetoka wapi, hata uwe umelipa nini.
Vichwa vimekunjwa kama ngumi za watoto waliolala.
Gari moja jeupe likasimama,
mkono ukatoka dirishani, ukapiga picha ya ukungu,
likaondoka.

Mama akatandika blanketi.
Akavuta pembe zote nne, akalainisha mikunjo kwa kiganja
kana kwamba kuna mtu atapita kukagua.
Tukala. Tukazungumza bei ya mafuta, goti lake,
Frikkie wa posta aliyeoa tena, na kwa haraka gani.
Nilitaka kumwomba radhi kwa mawingu
kama vile niliyaleta mimi.

Saa nne na nusu ikapita.
Halikuwa jambo la kishindo.
Kwanza ua moja, hapo karibu na themosi,
likalegeza ukucha mmoja wa rangi ya chungwa.
Nikalikodolea macho hilo, nikayakosa mengine,
maana nilipoinua kichwa
bonde lilikuwa limeshawaka
hadi kwenye uzio wa waya, hadi kule mawe yanakoanza,
na bado likawa linaendelea, nyuma ya kila kichaka, bila kuniita.

"Lipe jua mgongo," nikamwambia.
"Yanalitazama jua. Ukilipa mgongo, yatakutazama wewe."
Akageuka, polepole, kwa ajili ya goti.
Na yote yakawa yanamtazama.
Yeye ambaye mlango wake siku zote ni wa nyuma
akakiweka sawa kitambaa cha kichwa,
akafuta makombo mdomoni.

Akainama. Akashika moja bila kulichuma,
vidole vyake vimechubuliwa na sabuni,
vikashuka chini, chini, hadi mchangani.
"Kumbe yana shina," akasema.

Sikuwa na la kujibu. Nikamenya yai.

Saa kumi yakaanza kujifunga, nasi tukakunja blanketi.
Nyumbani nikaona pindo la gauni lake, njano tupu,
nikanyoosha mkono kuchukua beseni.
"Liache."
Likatundikwa nyuma ya mlango, na doa lake.

Alhamisi, akitoka kazini, mikono bado imelowa,
akaniuliza kama mtu anayeuliza bei ya sukari:
ile pikapu ya Jakkie,
Jumapili ina kazi?